Fuata pesa mpaka mlango wa kutokea: namna ya kuchunguza kama mitaji na benki za kigeni zimepanua pengo la kipato

Kazi yangu ya kwanza juu ya jambo hili iliharibiwa na mchoro mmoja. Nilikuwa na nchi sitini na ushei. Chini niliweka kipimo cha uwazi wa kifedha, pembeni nikaweka Gini ya kipato (namba kati ya 0 na 1; ikikua, pengo kati ya tajiri na maskini limekua), na vitone vikateremka kutoka kushoto kwenda kulia kama vimepigiwa rula. Kadiri nchi ilivyofungua milango, ndivyo pengo lake lilivyokuwa dogo. Nilikesha nikiandika ripoti. Asubuhi nikampelekea mwalimu aliyenisimamia, mama wa maneno machache, naye akaweka kidole kwenye kishada cha vitone kilichojikusanya chini upande wa kulia: Hungaria, Ucheki, Slovakia na wenzao.

"Hawa," akaniuliza, "walikuwa na pengo kubwa kabla benki za kigeni hazijafika?"

"Hapana, mwalimu. Wao walikuwa..."

"Walikuwa nini?"

Walikuwa wametoka kwenye ukomunisti juzijuzi tu. Usawa wao waliurithi, na mabenki yaliukuta umekaa pale. Nikawaondoa, nikachora upya, na mstari wangu ukageuka mkia ukawa kichwa.

Basi mwongozo huu ni kwa anayekaribia kufanya kosa lilelile: mwanafunzi wa tasnifu, mwandishi wa habari za uchumi, msaidizi wa mbunge aliyeambiwa alete uchambuzi kesho kutwa. Mimi ni mtu wa majedwali, kwa hiyo utaniwia radhi nikisema mara kwa mara "ongeza safu nyingine."

Tenganisha milango kwanza

"Kufungua uchumi" ni maneno mawili yanayoficha milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mitaji: mgeni anaruhusiwa kununua hisa na hati fungani au kukopesha kampuni ya ndani, na mwenyeji anaruhusiwa kupeleka akiba yake nje. Wa pili ni wa benki zenyewe: mgeni anaruhusiwa kununua benki iliyopo au kuanzisha yake. Nchi inaweza kufungua mmoja na kuuegesha mwingine. Chile ya miaka ya 1990 ilikuwa na benki za kigeni zikifanya kazi zake, na wakati huohuo mtu aliyeleta mkopo kutoka nje alitakiwa kuacha sehemu yake benki kuu mwaka mzima bila riba. Walianza na asilimia 20 mwaka 1991, wakapandisha hadi 30, na mwaka 1998 wakaishusha mpaka sifuri. Ukiijumlisha Chile ile chini ya jina "nchi iliyo wazi" au "nchi iliyofungwa", utakuwa umedanganya mara zote mbili.

Kwa mlango wa mitaji, anza na kipimo cha Menzie Chinn na Hiro Ito. Kinatokana na ripoti ya kila mwaka ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, inayoorodhesha vizuizi vya fedha katika nchi wanachama. Huuliza mambo manne: kama kuna zaidi ya kiwango kimoja cha kubadilishia fedha, kama malipo ya kawaida ya biashara yamebanwa, kama mitaji imebanwa, na kama anayeuza bidhaa nje analazimishwa kusalimisha fedha za kigeni alizopata. Majibu huunganishwa yakatoa namba kati ya 0 na 1, na 1 ni mlango wazi kabisa. Nchi ni nyingi, miaka ni mingi, na hulipi kitu. Ila kinasoma sheria. Pesa inayotoroka kwa ankara zilizochezewa bandarini haimo humo.

Ndiyo maana unahitaji safu ya pili: jumla ya mali na madeni ya nchi kwa mataifa mengine, ikigawanywa kwa Pato la Taifa. Philip Lane na Gian Maria Milesi-Ferretti wamekusanya takwimu hizo kwa miongo. Hapa kuna mtego mdogo. Nchi ambazo ni njia ya kupitishia fedha za watu wengine, kama Mauritius au Cyprus, hutokea na namba kubwa za ajabu ambazo hazihusiani na maisha ya anayetafuta mkopo wa kufungua karakana. Ziondoe, na useme wazi kwamba umeziondoa.

Kwa mlango wa benki, Stijn Claessens na Neeltje van Horen wana kanzidata inayoonyesha nani anamiliki benki gani mwaka hadi mwaka. Benki huitwa ya kigeni kama wageni wana asilimia 50 ya hisa au zaidi. Ushauri wangu ni mmoja tu hapa: tumia sehemu ya mali ya benki zote iliyo mikononi mwa wageni, usitumie idadi ya benki. Benki kumi za kigeni zenye ofisi mojamoja ghorofani hazilingani na moja iliyonunua mtandao mzima wa matawi.

Gini ipi?

Utakuta watu wanaichukua Gini kama joto la mgonjwa, namba moja iliyopimwa kwa kipimajoto kimoja. Sivyo. Katika takwimu za Benki ya Dunia, nchi za Amerika ya Kusini kwa kawaida hupimwa kwa kipato, ilhali nchi nyingi za Afrika na Asia hupimwa kwa matumizi ya kaya. Matumizi huwa yamesawazika kuliko kipato, kwa sababu tajiri hali mshahara wake wote na maskini hukopa ili ale. Ukizipanga nchi hizo kwenye safu moja, Amerika ya Kusini itaonekana mbaya kuliko ilivyo ikilinganishwa na wengine, na lawama utawatupia wenye benki.

Njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kutumia kanzidata ya Frederick Solt iitwayo SWIID, iliyojaribu kuzilainisha tofauti hizo na kutenga kipato kabla ya kodi na ruzuku na kile kinachobaki baadaye. Inakuja na makadirio ya kosa. Watu wengi huyafuta ili jedwali lipendeze. Usiyafute. Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuacha kulinganisha nchi na nchi, ukailinganisha nchi na yenyewe: miaka mitano kabla ya kufungua mlango, miaka mitano baada yake, dodoso lilelile.

Na ongeza safu ya fungu la kipato linalokwenda kwa asilimia 1 ya watu wa juu, kutoka World Inequality Database. Dodoso la kaya halimpati mtu anayeishi kwa gawio la hisa. Hafungui geti. Faida ya mitaji inayoingia humwendea huyo kwanza, kwa hiyo Gini ya dodoso inaweza kutulia tuli wakati kileleni mambo yamebadilika kabisa. Kanzidata hiyo huongeza kumbukumbu za kodi pale zinapopatikana.

Zoezi la watu watano

Kabla hujafungua programu yoyote ya takwimu, fanya hili kwa kalamu. Namba ni za kubuni, za mazoezi tu.

Watu watano wana vipato vya 1, 2, 3, 4 na 10. Jumla ni 20. Kupata Gini, wapange kutoka maskini hadi tajiri, zidisha vipato vyao kwa −4, −2, 0, 2 na 4 kwa mpangilio huo, jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya watu mara jumla ya vipato. Unapata 40 gawanya kwa 100, yaani 0.40.

Mlango unafunguliwa. Mtu wa tano ana hati ya jengo la kuweka dhamana, benki mpya inamkopesha, kipato chake kinafika 14. Wa nne ni fundi mwenye ujuzi, anaajiriwa kwenye mradi wa yule, anafika 5. Watatu wa chini wamebaki na 1, 2 na 3. Jumla ni 25, nchi "imekua", na hakuna aliyepungukiwa. Gini: 58 gawanya kwa 125, karibu 0.46.

Kisha mitaji inaondoka. Sarafu inaanguka. Mtu wa tano alikuwa ameshahamishia akiba yake kwenye dola, anabaki na 13. Wengine ni 1, 1, 2 na 3. Jumla imerudi 20 kama mwanzo. Gini ni 52 gawanya kwa 100: 0.52.

Tazama hizo 20 mbili. Anayeangalia Pato la Taifa peke yake atasema nchi imerudi ilipokuwa. Na anayekomesha uchunguzi wake kwenye hatua ya pili ataona pengo la wastani lililokuja na ukuaji, jambo ambalo wengi hulivumilia. Sehemu nzito iko kwenye hatua ya tatu, na ndiyo ambayo ripoti nyingi ninazosoma huifika zimechoka, aya moja na hitimisho.

Nani anapita mlangoni

Hatua ya pili ina maelezo yake. Benki inayotoka mbali huona vizuri kile kilichoandikwa: mizania iliyokaguliwa, hati, dhamana. Haioni kwamba fulani hulipa madeni yake hata mvua zikikata. Atif Mian alichambua mikopo 80,000 nchini Pakistan na kukuta kwamba benki za kigeni, hasa zile ambazo makao makuu yake yako mbali, ziliwaepuka wateja wa aina hii, wale ambao sifa yao haimo kwenye karatasi. Enrica Detragiache na wenzake wakaonyesha mwaka 2008 kwamba katika nchi maskini benki za kigeni zikishika nafasi kubwa, jumla ya mikopo kwa sekta binafsi huwa ndogo. Maelezo yao: mgeni huchota malai, na benki ya ndani hubaki na maziwa membamba ambayo gharama ya kuyachuja ni kubwa.

Sasa itazame Meksiko. Baada ya mtikisiko wa Desemba 1994 benki zake zililemewa na mikopo chechefu, serikali ikabeba mzigo, kisha wageni wakaingia. BBVA walichukua Bancomer, Santander wakachukua Serfin, na mwaka 2001 Citigroup wakanunua Banamex kwa dola bilioni 12.5. Ndani ya miaka michache zaidi ya asilimia 80 ya mali za benki zilikuwa za wageni. Benki zilipona. Mikopo kwa watu binafsi na kampuni ikaendelea kusuasua kwa miaka. Sehemu kubwa ya mizania ilikuwa ni hati fungani za serikali.

Mwaka 2002 ikatokea Banco Azteca, ya wenyeji, iliyofungua matawi ndani ya maduka ya Elektra ya samani na vyombo vya umeme. Kampuni ile ilikuwa imeuza kwa mkopo kwa miaka, ikawa na daftari la wanaolipa na wasiolipa, na ilikubali vyombo vya nyumbani viwe dhamana. Miriam Bruhn na Inessa Love walipolinganisha manispaa zilizokuwa na maduka hayo na zisizokuwa nayo, waliona biashara ndogo zisizosajiliwa zikiongezeka na kipato cha watu kikipanda kwa takriban asilimia 7. Riba zake zilikuwa za kukata shingo, nisije nikaonekana nawapigia debe. Lakini ukitaka kujua kwa nini mlango wa benki unapanua pengo mahali pamoja na kulipunguza pengine, uliza: nani analo daftari la maskini?

Kwa hiyo ongeza safu: dhamana inayokubalika. Nenda kwenye tovuti ya benki yenyewe au ripoti yake ya mwaka, soma masharti ya mkopo wa biashara ndogo. Kama kila mkopo unataka hati ya nyumba, umeshajua watu wako wa kwanza hadi wa tatu hawamo.

Fundi wa mtu wa tano naye hakuwa bahati nasibu. Mauricio Larrain alipima nchi 20, nyingi za Ulaya, akaona mitaji ikifunguliwa tofauti ya mishahara hukua, zaidi katika viwanda vinavyotegemea fedha za nje na ambavyo mashine zake huhitaji mtu aliyesoma. Mashine ya mkopo humwinua anayeiendesha na kumwacha aliyebeba gunia.

Mlango wa kutokea

Hapa kaa sana. Chukua nchi yako, tafuta mwaka ambao fedha ziliondoka kwa wingi, kisha soma sheria na amri zilizotoka katika miezi ile. Zisome neno kwa neno, kwa sababu humo ndimo hasara iligawanywa.

Hungaria ni darasa langu ninalolipenda. Benki, nyingi zikiwa mali ya kampuni za kigeni, ziliwakopesha watu wa kawaida fedha za nyumba kwa faranga za Uswisi, kwa sababu riba ya faranga ilikuwa chini kuliko ya forinti, sarafu ya nyumbani. Mshahara unaupata kwa forinti, deni unalo kwa faranga. Baada ya 2008 faranga ikapaa, na malipo ya kila mwezi yakapaa nayo. Septemba 2011 Bunge likapitisha sheria iliyoonekana ya huruma: mkopaji aruhusiwe kulipa deni lake kwa forinti 180 kwa faranga, wakati sokoni faranga ilikuwa juu ya 230. Punguzo la zaidi ya moja ya tano! Sharti lilikuwa moja: ulipe deni lote kwa mkupuo.

Rudia sharti hilo. Nani ana deni la nyumba na pia ana fedha taslimu za kulimaliza kwa mkupuo? Mwenye akiba, au mwenye ndugu wenye akiba, au anayeaminika kupewa mkopo mpya wa forinti. Aliyekuwa amezidiwa kweli alibaki na faranga zake. Mpaka Novemba 2014 ndipo Bunge likaamuru madeni yaliyosalia yabadilishwe kuwa forinti, safari hii kwa takriban 256. Deni la aina moja, milango miwili ya kutokea: mwenye uwezo alitoka kwa 180, asiye na uwezo kwa 256. (Walau hawa wa pili waliponea chupuchupu: Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande, ikaruka siku hiyohiyo.)

Argentina ni hivyohivyo kwa sura nyingine. Desemba 2001 watu waliwekewa kikomo cha kutoa peso 250 kwa wiki. Waliokuwa wamehamisha fedha zao nje miezi ya nyuma walikuwa wametulia. Mwanzoni mwa 2002 amana za dola zikageuzwa kuwa peso kwa 1.40 kwa kila dola, mikopo ya dola ikageuzwa kwa 1, na soko likaishusha peso mbali zaidi ya hapo. Mdaiwa mkubwa alifutiwa sehemu nono ya deni lake. Mstaafu mwenye amana alilipia. Na wale waliodhani jina la kigeni kwenye kibao ni bima waliona kampuni mama kama Scotiabank na Crédit Agricole zikifungasha virago.

Safu utakayoongeza hapa iite "aliyetoka kwanza". Ijaze kwa maneno, si kwa namba.

Mwisho kabisa, rigresheni

Ukifika hapa, hesabu zenyewe, yaani kukokotoa jinsi pengo linavyobadilika pamoja na safu zako nyingine, ni kazi ya alasiri moja. Mambo mawili ya kupima lazima. Moja, kina cha mfumo wa fedha, yaani mikopo kwa sekta binafsi kwa Pato la Taifa: Silke Bumann na Robert Lensink waliona kwamba kufungua mitaji huelekea kupunguza pengo pale tu uwiano huo unapozidi asilimia 25. Pili, kama mtikisiko ulifuata. Davide Furceri na Prakash Loungani, wakifuatilia nchi 149 kuanzia 1970 hadi 2010, waliona pengo likipanuka baada ya kufungua mitaji, zaidi pale mfumo wa fedha ulipokuwa dhaifu na pale ufunguzi ulipofuatiwa na mtikisiko. Waliandika hayo wakiwa watu wa IMF, shirika lililohubiri milango wazi kwa miaka mingi na ambalo mwaka 2012 lilikiri rasmi kwamba kuna nyakati za kuizuia mitaji.

Lakini usije ukatoka hapo ukidhani kuuegesha mlango hakuna gharama. Kristin Forbes alichunguza kile kizuizi cha Chile na kukuta kampuni ndogo zilizoorodheshwa sokoni ndizo zilizokosa pumzi ya fedha. Kubwa zilijua njia nyingine.

Rudia hesabu ukiondoa nchi mojamoja. Kisha ondoa Ulaya Mashariki yote. Na ukitaka kujipima, iangalie Slovenia ya miaka ya 2000: benki za kigeni zilikuwa na sehemu ndogo kuliko katika nchi nyingi za Ulaya Mashariki, na Gini yake ilikuwa miongoni mwa za chini kabisa.

Ripoti yangu ya pili mwalimu hakuisoma kuanzia mwanzo. Aliifungua kwenye jedwali, akateremsha kidole kwenye safu ya mwisho, akasimama kwenye kisanduku cha Thailand nilichokiacha kitupu. Nilikuwa nimeandika kila kitu kingine: dirisha la mikopo ya nje la Bangkok la 1993, baht, sarafu yao, kuachiwa ielee sokoni Julai 2, 1997, kampuni 56 za fedha kufungwa Desemba mwaka huo.

"Waliokuwa na amana kwenye hizo 56," akasema, "nani aliwalipa?"

Nikarudi mezani. Waliwalipa kupitia mfuko ulio chini ya benki kuu, na shimo lake, la takriban baht trilioni 1.4, likageuzwa kuwa deni la umma. Mlipakodi wa Thailand, aliyekuwa na amana na asiyekuwa nayo, akaanza kulilipa, na zaidi ya miaka ishirini baadaye deni lilikuwa halijaisha.

Nikakijaza kisanduku.